Mashine ya Vifaranga Iliyokosekana Kabatini

Hii ukishaimaliza usikae nayo. Mpe na mwenzio aisome, kama kitabu cha kuazima.

Kulikuwa na mji mdogo chini ya milima. Mji wenyewe ukipita na gari ukapiga chafya, ukifumbua macho umeshaupita. Ila ulikuwa na kitu ambacho miji mikubwa mingi haina. Ulikuwa na maktaba ya umma inayoazimisha kila kitu.

Nikisema kila kitu, namaanisha kila kitu. Upande wa kushoto vitabu. Upande wa kulia kabati refu mpaka darini, na humo ndani kuna drili, msumeno, ngazi, cherehani, toroli, bomba la kupulizia dawa shambani, masufuria ya shughuli, mpaka hema. Unaonyesha kadi, unaandikwa, unabeba. Ukimaliza unarudisha, mwenzio naye abebe.

Watu walishazoea. Drili moja imetoboa kuta za mtaa mzima. Masufuria yale yale yamepika pilau la harusi ya Shemdoe seremala, yakapika na la arobaini ya baba yake. Na kitu kikivunjika hakitupwi. Jumamosi kinapelekwa uani pale maktaba, mafundi wanakaa mkekani wanakiunga, huku wanabishana mpira. Jalala la mji lilikuwa dogo mpaka kunguru wakahama.

Sasa twende kwa Hidaya.

Hidaya alikuwa anafuga kuku. Kideri kikaingia, wiki moja tu, banda likawa kimya kama msiba. Akabaki na mayai thelathini na nane aliyoyaokota kabla ugonjwa haujabisha hodi. Yalikuwa mayai ya ile mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Hakuna kuku mwingine wa mbegu ile mji mzima. Hayo mayai yakioza, mbegu imeisha, na Hidaya na yeye kaisha.

Jike la kuatamia hana. Akakimbilia maktaba, akaazima mashine ya kutotolesha.

Usifikirie mashine ya maana sana. Ni boksi la mbao lenye kioo juu, taa ndani, na kipimajoto. Dukani bei yake ni mbuzi watatu, na unaitumia wiki tatu kwa mwaka. Ndo maana mji mzima ulikuwa na moja tu, na ikawa inatosha. Mayai yanakaa humo siku ishirini na moja. Hidaya akaandikwa siku ishirini na tano, akabeba boksi lake kichwani, akaenda zake.

Siku ya kumi na saba, Jumanne, ndo kimbembe kikaanza.

Mkutubi wa pale alikuwa Mwalimu Kihiyo, mstaafu, mtu wa miwani na kikohozi. Siku hiyo alipita mtaani anatembea kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Mkaguzi anakuja Ijumaa!" anasema kila mlango. "Mkaguzi wa mkoa! Njooni uani, wote!"

Watu wakajaa uani. Na habari za Mkaguzi zilikuwa zimeshawatangulia. Ni mwanamke, mwembamba, haongei sana. Kafunga maktaba mbili mwaka huu. Anaingia, anapitisha kidole kwenye rafu. Anashika kitu, anakigeuza, anakirudisha. Anaondoka. Wiki haiishi, mlango una kufuli na lori limekomba kila kitu.

"Kisa?" mmoja akauliza.

"Nasikia vitu vilikuwa havipo kabatini."

"Mimi nasikia vilikuwa vichafu. Vimechakaa."

Nasikia, nasikia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza umesikia kwa nani.

Mwalimu Kihiyo akapanda juu ya kigoda. "Jamani, kila kitu kirudi. Alhamisi jioni kabati liwe limejaa, linang'aa. Kitu kimoja kikikosekana, tumekwisha."

Hidaya alikuwa kasimama nyuma. Akahesabu kwa vidole. Ijumaa ni siku ya ishirini. Siku moja haijatimia.

Kuanzia hapo mji ukapagawa. Ngazi ikarudi huku mtu kaachwa juu ya paa. Toroli likapigwa rangi nyekundu. Mipini ya nyundo na majembe, ile iliyolainishwa na viganja vya watu miaka na miaka, ikasuguliwa msasa, ikapakwa vanishi. Wakaja kwenye vitabu. Kila kitabu kina ile karatasi ya mihuri ya tarehe, imejaa mpaka pembeni. Zikang'olewa zote, zikabandikwa nyeupe.

Kikabaki kitabu kikubwa cha waazimaji. Kina madoa ya mafuta, kina matope, na kila ukurasa kuna maneno kama haya: kimechelewa. Kimevunjika, kimeungwa. Kimevunjika tena. Mwalimu Kihiyo akakitazama, jasho likamtiririka mpaka kwenye miwani. Akakitupia kwenye moto wa taka. Akaandika kipya, orodha ya vitu tu, kwa mwandiko wa kwenye cheti.

Jumatano akaenda kwa Hidaya.

"Hidaya mwanangu. Mashine."

"Mwalimu, shikamoo. Leo ni siku ya kumi na nane. Kuanzia leo haisogezwi wala haifunguliwi. Nikiizima wanafia ndani ya ganda."

"Ibebe na mayai yake, tukaiwashe kule."

"Kwa njia ile ya mawe? Yatafika uji."

Mwalimu akajishika kichwa. "Na hata yakifika, Mkaguzi akute vifaranga wanalia kwenye maktaba! Mungu wangu." Akakohoa, akanyanyuka. "Mwanangu, maktaba moja, mayai thelathini na nane. Pima mwenyewe."

Hidaya hakukaa na amani. Alipima akapima tena. Upande huu mbegu ya mama yake. Upande huu mji mzima, na yeye mwenyewe ni mtoto wa maktaba ile ile. Kila akisogea kwenye swichi, anamwona mama yake. Kila akirudi nyuma, anasikia lori kichwani.

Mtaani nako hakupitiki. Akienda kuchota maji, maneno yanamfuata.

"Huyo ndo anataka tufungiwe maktaba kwa sababu ya kuku wa kukaanga!" Shemdoe akapaza sauti. Huyu ndo seremala, mdomo wake haujawahi kuwa na likizo. "Dada Hidaya, mimi cherehani nimeirudisha, gauni la mke wangu likiwa na mkono mmoja! Mkono mmoja! Kanisani ataenda kama bendera!"

Watu wakacheka, ila kicheko cha woga, kile kinachokatika haraka.

"Nakwambia kesho jioni usipoileta," Shemdoe akaendelea, na safari hii hakucheka, "tunaifuata wenyewe."

Na kweli akaja. Alhamisi, jua halijazama, Shemdoe huyo mlangoni peke yake, kakunja mikono ya shati. Hidaya akasimama katikati ya mlango. Shemdoe akampita kama anapita pazia.

"Kaka Shemdoe, nakuomba. Siku mbili tu."

"Siku mbili hatuna. Waya uko wapi?"

Akapiga magoti. Akashika waya. Hidaya akaziba macho.

Hidaya akasubiri ile taa izimike. Haizimiki. Akafungua jicho moja. Shemdoe bado kashika waya, ila kaweka sikio kwenye mbao. Uso umembadilika.

"Kuna mtu anagonga," akanong'ona.

"Wapi?"

"Humu. Sikiliza. Ko, ko, ko." Akauachia waya polepole, kama anauachia mkia wa nyoka. Fundi wa mbao huyo, kazi yake kugonga tangu utotoni, hajawahi kugongewa kutoka ndani. Akasimama, akajifuta magoti.

"Dada, mimi sijaja hapa. Umesikia? Sijakuona, hujaniona. Ifiche."

Wakaisukuma pamoja, nusu hatua, nusu hatua, bila kuitikisa, mpaka uvunguni mwa kitanda. Wakaifunika na kanga mbili, wakaacha upenyo wa hewa. Shemdoe akatoka kwa mlango wa uani, anachungulia kushoto na kulia kama mwizi. Waliomuuliza mashine, akawaambia hakumkuta mtu.

Ijumaa ikafika.

Saa tatu asubuhi lori likaingia mjini. Lori tupu. Likaegesha mbele ya maktaba, dereva akashusha mlango wa nyuma kabisa, kama mtu aliyeambiwa kazi ipo. Watu wakaangaliana. Hakuna aliyesalimia mwenzake.

Hidaya kajifungia ndani. Kakaa kitandani, miguu kaininginiza, uvunguni mashine inawaka. Mara akasikia mbio, mlango ukasukumwa. Shemdoe, anahema kama kafukuzwa na fisi.

"Kimenuka! Kaona!"

"Kaona nini?"

"Orodha mpya ya Mwalimu! Mashine imo kwenye orodha, kabatini hamna. Pengo, dada! Kaweka kidole kwenye pengo, kasema, hii iko wapi?"

"Mwalimu kasema nini?"

"Kasema iko kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Mimi!" Shemdoe karibu alie. "Kaninyooshea kidole mimi! Mkaguzi kasema haya, fundi, nipeleke. Nikasema ngoja nivae viatu, nikatokea mlango wa nyuma."

"Na viatu umevaa?"

Shemdoe akatazama miguu yake. Peku.

Hapo hapo mlango ukagongwa. Mara tatu, taratibu.

"Hodi."

Hidaya akakusanya miguu, akaziba uvungu.

Mlango ukafunguka. Mkaguzi huyo, mwembamba kweli, viatu vya chini, daftari kwapani. Nyuma yake Mwalimu Kihiyo, rangi imemtoka usoni.

"Fundi anayekimbia peku namna hiyo," Mkaguzi akasema, "nikajua tu ndo anakwenda ilipo. Mwenye nyumba nani?"

"Mimi," Hidaya akasema. Sauti ilitoka ndogo, akajishangaa.

"Una mashine ya maktaba?"

Sasa hapo Hidaya angesema ndiyo, yangeisha. Lakini mwoga ni mwoga. Akafungua mdomo, ukatoka uongo.

"Sina, mama."

"Piu," kitanda kikasema.

Wote wanne wakakitazama kitanda.

"Piu. Piu piu."

Shemdoe akakohoa kwa nguvu ili afunike. Kuku hafunikwi kwa kikohozi. Mkaguzi akaweka daftari chini, akapiga magoti kwenye sakafu ile ile, akainama, akaivuta kanga ya kwanza. Akaivuta ya pili. Mwanga wa taa ukamwagika uvunguni. Mkono wake ukaenda kwenye kifuniko.

"Usifungue!"

Hidaya hakujua katoa wapi ile sauti. Mwenyewe alishashuka kitandani, kashika mkono wa Mkaguzi. Mkono wa Mkaguzi! Mwalimu Kihiyo akaegemea ukuta.

"Nisamehe mama, ila ukifungua sasa hivi unyevu unatoka. Ganda linakauka, wanakwama, wanakufa. Nimekuficha ndiyo. Nimesema uongo ndiyo. Nifunge mimi. Usiifunge maktaba. Na usifungue."

Akasubiri. Mkaguzi hakuutoa mkono wake. Alikuwa anatazama ubavu wa boksi.

Hakuna aliyeusafisha ule ubavu. Mashine ilikuwa haipo kabatini siku ya rangi na msasa. Mbao zake zimejaa maandishi, kalamu ya bluu, nyekundu, mkaa, mpaka msumari. Kila aliyeazima kaandika jina lake na vifaranga aliopata.

Mkaguzi akaanza kusoma kwa sauti, kidole kinapita herufi moja moja.

"Mama Nehemia, thelathini na moja. Kijiwe cha bodaboda, ishirini. Kwaya ya vijana, arobaini. Mzee Hoza, wawili." Akasita. "Wawili tu?"

"Alikuwa anafungua kila saa kuwasalimia," Shemdoe akasema.

Kidole kikaendelea. Kioo kilikuwa na ufa, umezibwa na gundi. Mguu mmoja ulikuwa mguu wa stuli. Waya ulibadilishwa mara mbili. Pembeni ya kila kiraka kuna jina la fundi. Shemdoe kajiandika mara nne, moja na mchoro wa nyundo.

Mkaguzi akakaa sakafuni kabisa, mgongo kwenye kitanda.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimetoka kwenye kabati lako sasa hivi. Toroli lako halijawahi kubeba hata mchanga. Nyundo zako hazijui kiganja cha mtu. Nimefungua vitabu kumi, havina muhuri hata mmoja. Nikaandika hapa: vitu vimelala. Nikamwambia dereva ashushe mlango wa lori."

"Lakini tulisafisha!" Mwalimu akalia. "Tulisikia unafunga maktaba zenye vitu vichafu, zenye mapengo!"

"Nani kawaambia?"

Wakatazamana. Kila mmoja akamwangalia mwenzake, na mwenzake akaangalia chini.

"Zile mbili nilizozifunga," Mkaguzi akasema, "hazikukosa hata sindano. Zilijaa, zinang'aa kama kioo. Watu walikuwa wanaogopa kuazima wasije wakaharibu, kila mtu kajinunulia chake, na ng'ambo ya barabara jalala linafika kwenye paa. Nikavichukua vitu nikavipeleka kunakotumika. Kidole napitisha nitafute alama za mikono ya watu. Kitabu cha waazimaji kiko wapi?"

Mwalimu Kihiyo akavua miwani.

"Jivu."

Yaani mji mzima ulichukua siku tatu kufuta, kwa sabuni na rangi na moto, kila kitu ambacho kingewaokoa. Na lori liko nje.

Mkaguzi akagonga kalamu kwenye goti. Halafu akafungua daftari. Akakata mstari kwenye alichokiandika. Akaanza kunakili majina kutoka kwenye boksi, moja baada ya jingine, mpaka la Mzee Hoza na wawili wake. Yalifika arobaini na moja. Mwishoni akamgeukia Hidaya.

"Wewe sioni umeandika ngapi."

"Bado, mama. Kesho."

"Haya." Akasimama, akajikung'uta sketi. Mlangoni akageuka, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe. "Mwalimu, nitarudi. Sisemi lini. Siku nikirudi nikalikuta lile kabati limejaa, sitauliza. Nakuja na lori."

Akaenda. Wakasikia mlango wa lori unapandishwa, injini ikaunguruma, ikafifia. Hakuna aliyeshangilia. Shemdoe alikaa chini pale pale, akasema kwa sauti ya kuomba, "Jamani, nani anataka toroli? Mtu achukue toroli, tafadhali, leo hii."

Jumamosi wakaanguliwa. Hidaya akachukua kalamu, akaandika ubavuni mwa boksi: Hidaya, thelathini na nne. Jumatatu asubuhi, aliporudisha mashine, haikuingia hata kabatini. Ilipokelewa mlangoni na mtu mwingine. Na nyuma yake kabati lilikuwa tupu, tupu kabisa, mpaka ukiongea mle ndani sauti inakurudia, na Mwalimu Kihiyo kakaa mbele yake na kitabu kipya, kimeshapata doa la kwanza la mafuta.

Funzo: Kitu cha wote kinalindwa na mikono inayokitumia na kukirudisha. Ukikificha kwa hofu kisichakae, umeshaanza kukipoteza.